Jicho Lililokuwa Kipimo Chetu

Siku niliyoanza kazi katika kitengo cha macho nilimwambia mgonjwa wangu wa kwanza atabasamu. Alikuwa mzee wa Sagalla aliyeshuka mlimani asubuhi ile. Kidevu chake kilikuwa tayari kimetulia kwenye mashine, na mimi, kwa mazoea ya studio, nikasema, "Tabasamu kidogo, mzee wangu." Akatabasamu kweli. Afisa wa Macho, mama mrefu aliyekuwa mkuu wa kitengo, alikuwa amesimama mlangoni.

"Kijana, unapiga picha ya kitambulisho?"

"Hapana, madam."

"Basi mwachie meno yake. Sisi tunataka nyuma ya jicho."

"Mwache tu, daktari," mzee akasema, kidevu bado kikiwa palepale. "Huwezi jua, labda na huko nyuma nitaonekana mzuri."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa katika studio moja karibu na stesheni ya zamani ya reli hapa Voi. Nilipiga picha za vitambulisho na za arusi, na nikajifunza kuosha filamu katika chumba cha giza. Hospitali ilipopata kamera ya kupiga picha ndani ya jicho, hakukuwa na mtu pale aliyejua filamu. Afisa wa Macho akaja studio mwenyewe, akatazama picha zilizotundikwa dirishani, akauliza nani amezipiga. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

Vijana wanaofanya kazi hiyo leo hubonyeza kitufe na picha ikatokea kwenye kompyuta papo hapo. Siwaonei wivu, ila napenda wajue tulivyofanya. Kwanza mgonjwa alitiwa matone ya kupanua mboni, ule mlango mweusi wa jicho, kisha akangoja kwenye benchi mpaka ufunguke. Tulimsihi aje na mtu wa kumshika mkono, kwa sababu matone yale yalimfanya asione vizuri, na jua la Voi lilimchoma kama amewekewa kioo. Mboni ikishafunguka, alikaa mbele ya mashine, paji la uso likibanwa kwenye mkanda, akaambiwa atazame taa ndogo ya kijani. Mimi upande wa pili nilizungusha gurudumu taratibu mpaka ukungu ukaondoka na retina ikajitokeza.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mara ya kwanza kuiona nilishtuka. Ina rangi ya chungwa lililoiva, na upande mmoja kuna duara hafifu la manjano, mahali mshipa wa fahamu unapoingia. Kutoka kwenye duara hilo mishipa ya damu hutawanyika kama mizizi. Ateri, zinazoleta damu kutoka moyoni, ni nyembamba na nyekundu ya kung'aa. Vena, zinazoirudisha, ni nene na nyeusi kidogo. Katika jicho lenye afya unene wa ateri ni kama theluthi mbili za unene wa vena, na zinapopishana, ateri haiibani vena iliyo chini yake.

"Hapa ndipo mahali pekee mwilini unapoiona mishipa midogo ikiwa hai bila kupasua mtu," Afisa wa Macho aliniambia. "Ukipiga ovyo, umemziba daktari macho. Na ukimziba daktari macho, mimi nitakurudisha stesheni ukapige bibi arusi."

Sasa, kila filamu mpya ilihitaji kujaribiwa. Mwanga ukizidi, picha inaungua. Ukipungua, mishipa inapotea. Kwa hiyo nilihitaji jicho la mtu mzima wa afya, la kufanyia majaribio. Langu sikuweza kulipiga mwenyewe. Afisa wa Macho alikataa lake. "Nina wagonjwa wa kuona. Siwezi kushinda nimepanuka mboni kama paka."

Nikamwendea Mghoi.

Mghoi alikuwa fundi wa kushona nguo kwenye baraza ya duka moja sokoni, binti wa Sagalla, na nilikuwa nikipita pale kila siku kutafuta kifungo ambacho hakikuwa kimepotea. Wenzangu waliwapeleka wachumba wao kunywa soda. Mimi wangu nilimpeleka kutiwa matone. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akashika vishikio viwili vya mashine kama mtu anayepanda baiskeli.

"Na ukishaona huko ndani," aliuliza, "utaona kama nakupenda?"

"Nitaona mishipa tu."

"Basi mashine yenu haina maana."

Picha ile ilitoka safi kuliko zote nilizowahi kupiga. Afisa wa Macho aliitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akasema niichapishe kubwa. Tuliitundika ukutani juu ya meza yangu, na chini yake mimi mwenyewe nikaandika kwa herufi kubwa: JICHO ZIMA. Wanafunzi wa uuguzi walipokuja, walifundishwa kwa picha ile. Filamu za wagonjwa zilipotoka kwenye maji, nilizilinganisha na ile, nikapanga zipi ziende kwa daktari haraka na zipi zingoje. Kwa muda wangu wote mrefu pale, jicho la Mghoi ndilo lililokuwa kipimo chetu.

Tulioana, tukajenga Mraru, kando ya barabara ya Taveta. Kila filamu ya aina mpya ilipoletwa, nilimwita aje kujaribiwa, na alikuja akicheka. Tulipata mtoto mmoja tu, Saru. Alipokuwa na umri wa kutosha kutulia, naye nilimkalisha, bila matone, atazame taa ya kijani. Ikawa desturi ya nyumba yetu: mashine mpya haifunguliwi mpaka mmoja wetu aikalie. Saru alijigamba kwa wenzake shuleni kwamba baba yake amemwona mpaka kisogoni.

Jambo moja nililiona na sikulielewa. Mara nyingi baada ya picha Mghoi aliumwa na kichwa. Kabla ya maumivu kuanza, aliniambia, anaona upande mmoja wa macho kitu kinachong'aa chenye meno meno, kama ukingo wa jani la mkonge juani, kinazunguka na kukua. Nilidhani ni ile taa kali ya kamera. Nilimpa dawa ya maumivu na kumfunika khanga machoni. Wakati mwingine kichwa kilikuja hata bila picha, akiwa anashona. Nikasema ni kazi ya kuinamia cherehani. Nilikuwa na jibu kwa kila kitu.

Kazi ilinipeleka kote katika kaunti hii. Tulifunga kamera kwenye magodoro nyuma ya gari tukaenda Mwatate kwa wafanyakazi wa mkonge, ambao wengi walichomwa macho na ncha za majani. Tulikwenda Taveta, tulikwenda Wundanyi ambako baridi iliufanya ukungu ukae kwenye lenzi. Afisa wa Macho alistaafu. Akaja Msimamizi wa Kitengo aliyependa ukimya, kisha mwingine aliyependa mikutano. Wote walifundisha kwa picha ya ukutani.

Kisha siku moja mkasi ukamwanguka Mghoi. Alikuwa anakata kitambaa cha sare za shule, mkono wa kulia ukalegea, na alipojaribu kumwita jirani, maneno yalitoka yamechanganyika. Tulimkimbiza hospitali. Ilikuwa stroki, yaani kiharusi. Presha ilipimwa ikawa sawa. Sukari, sawa. Hakuwa mnene, hakuwa mvutaji, na umri wake haukuwa wa maradhi hayo. Alipata nafuu, akarudi kwenye cherehani, ila hatua zake zilifupika na majina ya wateja yakaanza kumponyoka.

Ndipo nilipomkumbuka baba yake, aliyeburuta mguu kabla hajaota mvi, na kaka yake aliyeanguka shambani akivuna mahindi. Kule Sagalla watu walisema kuna hasira ya wakubwa juu ya ukoo ule. Mimi, mtu wa hospitali na wa kanisa, nilikuwa nikiwacheka.

Wakati huo Daktari Bingwa wa Retina alianza kuja kwetu kutoka Nairobi kwa treni ya SGR. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, umri wa kuwa mwanangu. Siku yake ya kwanza aliingia chumbani kwangu, akanisalimu kwa heshima, kisha akasimama mbele ya ukuta muda mrefu.

"Mzee, hili ni jicho la nani?"

"La mfano, daktari. Jicho zima."

"Maandishi nimeyaona. Nauliza ni la nani."

"La mke wangu."

Aliishusha picha akaisogeza dirishani. Akanionyesha kwa ncha ya kalamu, bila kuigusa karatasi. Ateri zilikuwa nyembamba kuliko inavyopasa, si sana, lakini zote. Na mahali pawili zilipopishana na vena, vena ilikuwa imebanwa kidogo.

"Ana presha?"

"Hana."

"Amewahi kupata stroki?"

Nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Daktari akavuta kile changu, akaniuliza habari za baba mkwe, za shemeji, za kichwa kuuma, za ule mng'ao wenye meno. Kisha akanieleza polepole. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao hufanya kuta za mishipa midogo ya ubongo ziharibike, njia ya damu ikapungua, na mtu akapata kiharusi akiwa bado na nguvu zake, kisha kumbukumbu zikaanza kwenda. Mishipa ya retina na ile ya ubongo ni ya ukoo mmoja, akasema, kwa hiyo ya ubongoni ikiugua, ya jichoni wakati mwingine hudokeza. Hudokeza tu. Anayejibu ni kipimo cha damu. Na kama jibu ni ndiyo, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa kurithi ulio sawa kabisa na uwezekano wa kutorithi.

"Mna watoto wangapi, mzee?"

"Mmoja."

Niliuliza kwa nini sikuliona hilo, mimi niliyetazama picha ile kila siku ya kazi. Alinijibu kwa upole kwamba tofauti ilikuwa ndogo, na kwamba anayetazama kitu kila siku ndiye wa mwisho kukiona. Alisema hivyo kunituliza. Ukweli ni kwamba sikumchagua Mghoi kwa kumpima. Nilimchagua kwa kumpenda, kisha nikaandika chini yake neno la kitaalamu. Na kwa kuwa ateri zake nyembamba ndizo zilizokuwa kipimo, sijui ni wagonjwa wangapi wenye ateri nyembamba niliowapanga upande wa wale wa kungoja. Hilo siwezi tena kulirekebisha, na silisemi ili nihurumiwe.

Damu ikapimwa, jibu likawa ndiyo. Daktari akaomba ruhusa ya kutazama filamu zake zote za zamani, na Mghoi akakubali. Tulizipanga kwenye meza yenye taa chini: jicho lilelile, tangu alipokuwa mchumba. Picha hadi picha, ateri zilikuwa zikipungua kama mto wa Voi kiangazi kikiendelea. Daktari alisema ni watu wachache duniani wenye rekodi kama hiyo. Nilizikagua zote zilipotoka, kila moja, kuona kama zimetulia na kama mwanga unatosha.

Jioni ile nilimkuta nyumbani akichambua mbaazi barazani. Nilimwambia yote, pamoja na ya picha ya ukutani. Aliacha mbaazi.

"Kwa hiyo huo wakati wote, mimi ndiye niliyekuwa mzima wa Voi nzima?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua kikombe chake cha chai. Sisi Wataita tuna desturi ya kutasa. Mtu mwenye hasira moyoni huchukua kinywaji, akakipuliza nje kinywani kama manyunyu huku akitamka maneno ya amani, ili hasira imtoke na isimdhuru mwenzake. Zamani wazee walitumia pombe ya miwa. Mghoi alitumia chai ya maziwa. Akapuliza kuelekea uani na kusema, "Kama nina hasira na huyu mwanamume, itoke. Alikuwa anatafuta sababu ya kuniona."

Akajifuta mdomo.

"Lakini Saru, muulize kwanza. Usimfanye kama mtoto. Mimi nilikuja kwenye mashine yako nikijua nakuja kuonwa."

Sikumuuliza. Hilo ndilo ninalojutia kuliko picha ya ukutani, kwa maana lile lilikuwa kosa la kutojua, na hili nililifanya nikijua. Saru alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Taveta. Alijua mama yake ni mgonjwa. Hakujua ugonjwa unarithiwa. Kila simu nilipanga kumwambia, na kila simu tukaishia kuzungumza mvua. Kisha hospitali ikaletewa kamera mpya ya kidijitali, na Saru alikuwa nyumbani kwa likizo.

"Njoo uifungue mashine," nikamwambia. "Si unajua desturi yetu."

Alikuja amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe. Nikamtia matone. Akangoja kwenye benchi akiwatania wauguzi. Akaweka kidevu, akatazama taa ya kijani. Picha ikatokea kwenye skrini na nikaanza kutafuta. Nilitafuta ateri, nilitafuta zinapopishana, nikaikuza, nikaikuza tena. Nilisahau kwamba mwenye jicho amekaa pale ananitazama.

Daktari Bingwa akaingia. "Ni nani huyu, mzee?"

"Binti yangu."

"Ameelezwa?"

Nikarudisha macho kwenye skrini.

"Nielezwe nini?" Saru akauliza.

Daktari akamweleza, kwa sababu mimi sikuweza. Kisha akanigeukia, na sauti yake ya chini haikupanda hata kidogo. "Picha hii haiwezi kusema ndiyo wala hapana. Umemwonyesha hofu bila kumpa jibu. Na jibu lenyewe, ni yeye wa kulitaka au kulikataa, akiwa ameketi na mshauri. Si mimi, si wewe." Akamuuliza Saru kama anataka picha ifutwe. Saru akasema ndiyo, na ikafutwa mbele yake.

Alichukua mkoba akatoka kwenye jua na mboni zile zilizopanuka, mkono juu ya macho. Nilimfuata na miwani ya giza.

"Usinifuate, Baba."

"Mwanangu, huoni vizuri."

"Uso wako niliuona vizuri kabisa."

Tangu siku ile alikuja Mraru kumwona mama yake, akamwogesha, akamlisha, akamwimbia nyimbo za kanisani Mghoi alipokuwa hazikumbuki tena bali anazifuata kwa midomo. Mimi alinipa shikamoo na chakula. Mwishoni Mghoi hakujua jina langu, ila nilipomkaribia alikuwa akifungua macho makubwa na kutulia, kama aliyeambiwa atazame taa ya kijani. Tulimzika nyumbani. Saru alisimama upande mwingine wa kaburi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Watu huniuliza kama nalikumbuka chumba cha giza, na nasema ndiyo. Nakumbuka harufu ya dawa ya kuoshea filamu, na ule wakati picha inapoanza kujitokeza ndani ya maji. Lakini ninachokitamani hasa ni mwanamke aliyeshika vishikio vya mashine kama baiskeli, na msichana aliyengoja zamu yake nyuma yake. Kwa ninyi mnaofanya kazi hii sasa, nina maneno mawili. Mkionyeshwa kitu kinachoitwa kizima, ulizeni ni nani aliyekipima. Na kabla hamjatazama ndani ya mtu, mwambieni mnatafuta nini.

Likizo iliyopita Saru alikuja bila kunipigia simu. Nilisikia bodaboda ikipanda kutoka barabarani, upepo ukiwa umevuma tangu asubuhi na Mraru yote ikiwa nyekundu kwa vumbi. Akashuka, akamlipa kijana, akaingia barazani akijikung'uta. Alikaa. Hakuomba maji.

"Nilipimwa, Baba. Damu. Niliketi na mshauri kwanza, mara kadhaa. Majibu nilikwenda kuyachukua peke yangu."

Nilishika magoti yangu.

"Nayajua," akaendelea. "Nitakuambia siku nitakayotaka mimi. Huenda nisitake kamwe."

"Sawa."

"Sawa tu?"

"Sawa, mwanangu. Ni yako."

Alinitazama akisugua jicho la kushoto kwa kiganja. Nilikuwa na maswali mengi. Nikamwambia, "Acha kusugua, utalichubua."

"Ni ile njia yenu. Nimeingiwa na kitu tangu huko chini." Akasugua tena, akakasirika na jicho lake mwenyewe. "Aa, Baba, si ndiyo kazi yako? Nitolee."

Nilinawa mikono. Nikamsogezea kigoda karibu na mlango, uso uelekee kwenye mwanga, nikaloweka ncha ya leso safi. Mkono wangu ulikuwa umeshafika karibu na shavu lake nikausimamisha.

"Naruhusiwa?"

"Si nimekuomba?"

Nilimshika kidevu, nikavuta kope la chini taratibu. Ilikuwa chembe nyekundu, imekaa pembeni kwenye nyama laini. Niliigusa kwa leso ikaja. Machozi yakamtoka, yakasafisha kilichobaki, na kidevu chake kikabaki mkononi mwangu.

"Umeona nini?" akauliza.

"Vumbi la Mraru."

"Na kingine?"

"Kingine sikutafuta."

Alipepesa macho mara nyingi, machozi yakimshuka bila kuyafuta. Kisha akageuza uso upande wa pili, kidevu chake bado mkononi mwangu.

"Basi nitazame na hili," akasema. "Nalo linawasha."